Kadi ya Mwisho ya Abdulkadir

Kadi ya kwanza ilikuwa na tarakimu nne tu: 5254. Inspekta Kasyoka aliigonga kwa kidole akauliza maana yake, na kwa siku ya tatu mfululizo Mwalimu Ndululu wa Mutomo akajibu kwamba huo ni mchezo wa chesi.

Alikuwa akicheza kwa posta na Abdulkadir, muuza vitambaa wa Sultan Hamud. Lakini mwaka huo wa 1986 wanafunzi wa chuo kikuu walisakwa kwa sababu ya karatasi za kuipinga serikali tu, sembuse mzee mwenye kadi za namba.

Kadi ya kumi na mbili polisi waliichukua kabla hajaiona. Hiyo ndiyo iliyomnyima raha. Kila asubuhi mkewe Mbinya alimletea uji mahabusu, na badala ya kuuliza atatoka lini, aliuliza mchezo umeishaje. Askari walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Basi nionyeshe," Inspekta alisema hatimaye.

Mwalimu alichora miraba sitini na minne. Punje za mahindi zikawa jeshi la Abdulkadir, maharagwe jeshi lake, wafalme vifuniko vya soda. Tarakimu mbili ni mraba wa kutoka, mbili ni wa kwenda. Akafungua kama Abdulkadir alivyofungua: punje iliyo mbele ya mfalme ikaruka miraba miwili. Majibu yake mwenyewe alikuwa nayo kichwani. Kadi kwa kadi, kila namba ilipata mahali pake, mpaka mfalme wake akabanwa kwenye kona, hana pa kutokea.

Inspekta, ambaye sasa utamu wa mchezo ulikuwa umemwingia, akatoa kadi ya mwisho, ile ya kumi na mbili, mfukoni.

"Huyu mzee amekushika shingo, halafu anasema mtoke sare. Mbona?"

"Ni mtu wa huruma," Mwalimu alisema, na machozi yakamtoka.

Inspekta alimcheka, mtu mzima kulilia mchezo. Akamrudishia kadi zake, akamwachilia.

Mbinya alikuwa langoni na chupa ya uji.

"Tumetoka sare," Mwalimu alimwambia.

Mbinya aliketi palepale vumbini, akamshukuru Mungu. Mwana wao Nzomo, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyefichwa stoo kwa Abdulkadir tangu kadi ya kwanza, alikuwa ameshavuka mpaka wa Tanzania.