Kidole cha Nuala

"Ishia hapo!" Mwenyekiti wa chama cha muziki aligonga meza kwa penseli. "Umeurudia wimbo mara tatu, na zote tatu vilevile. Nuala mtupu. Wewe mwenyewe uko wapi, mzee?"

Mgane akaishusha fidla ya marehemu mkewe, Nuala. Baa nzima ya kijiji cha Kilbrack ikamgeukia.

"Nuala mlimnyima jukwaa la tamasha la Clare eti anapiga kwa namna yake. Leo mnaninyima mimi kwa kuwa napiga kama yeye. Nyie wakubwa mnaridhishwa na nini?"

"Maneno hata sisi tunayo," mwenyekiti akajibu. "Piga."

"Piga, babu, bia inapata moto!" mlevi mmoja akadakia.

Akapiga. Upinde uliziuma nyuzi mpaka unga wa ulimbo unaopakwa upindeni ukamwagikia koti lake. Alitaka jambo moja tu: afike pale katikati, ambapo kidole cha Nuala kilikuwa kikiteleza na kuipandisha sauti polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Afike, wamsikie Nuala, waone haya.

Alipofika, kidole chake hakikuteleza. Kilishuka kwa kishindo, mara mbili, kama ngumi mlangoni.

Visigino vya wasikilizaji vikaanza kugonga sakafu. Mwenyekiti akaiweka penseli chini. "Haya! Sasa huyo ndiye wewe."

Mgane akaurudia wimbo mbiombio, akipatafuta pale pa Nuala. Kidole kikashuka tena kwa kishindo. Nuala hakuwemo.

"Mrudisheni Nuala!" mgane akamfokea mwenyekiti, na upinde haukusimama.