Pamba ya Sista Foibe

Sista Foibe alipofungua bandeji ya mguu, harufu ya moshi ikampanda puani.

"Baba Ndeshi, umeota moto tena!"

"Kidogo tu, Sista. Wala sikuungua."

"Umeungua! Tazama malengelenge haya. Hukusikia kwa sababu vidole vya miguu vina ganzi tangu vilipoganda kwenye theluji. Niseme mara ngapi?"

Mpagazi yule alikuwa amepakata buti zake za mlimani, amezipaka mafuta mpaka zinang'aa. Alitaka aandikiwe cheti cha kupona ili arudi kubeba mizigo.

Foibe akashusha pumzi. "Haya, fumba macho. Nitakugusa kwa pamba. Ukisikia, sema."

Akamgusa kidole gumba.

"Hapo."

Akagusa cha pili.

"Hapo."

Cha tatu, kile cheusi kabisa.

"Hapo, Sista."

Foibe akamtazama usoni, kisha akainua mkono, pamba ikabaki hewani.

"Hapo," akasema Baba Ndeshi.

Foibe akaitupa pamba kwenye ndoo, akasimama, akashika kiuno. Yule bwana bado alikuwa amefumba macho, kamba za buti amezikamata, akiitikia taratibu: "Hapo. Hapo. Na hapo."