Subiri Chombo Kishike

Adolphe alikuwa ameshawapeleka watu kumi na mmoja kwenye misiba yao wenyewe, na hakuna hata mmoja aliyeshtukia njiani.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake kati ya Wakongomani wa London, ukiacha ile ya kusafisha ofisi. Habari ya kifo haipigwi kwa simu kama matokeo ya mpira. Watu hukusanyika kwanza, sufuria hutelekwa, kisha anatumwa mwenye mdomo mtamu akamlete mfiwa bila mwenyewe kujua. Mama mmoja wa Queensbury, Adolphe alimleta kwa kumwambia kuna nywele za kusuka zinauzwa bei ya bure. Mzee mwingine aliahidiwa mbuzi mzima. Mbuzi alikuwepo kweli, ila si kwa sherehe aliyoifikiria mzee.

Alhamisi moja, Novemba ya mwaka 2000, alitoka kazini Edgware Road saa mbili asubuhi akakuta gari la Mzee Gires wa kanisani limeegeshwa mlangoni. Ndani yake, kando ya Mzee, alikuwamo Anne, mke wa rafiki yake Séraphin. Macho yalikuwa yamemvimba.

"Kuna msiba, Adolphe. Simu ilitoka Bukavu jana."

"Mungu wangu. Na Séraphin?"

"Yuko nyumbani, anangoja wanaanga wake."

"Basi hajui."

Anne akageukia dirisha. "Twende. Bila wewe hatuwezi kuanza."

Adolphe akaingia garini. Mama yake Séraphin alikuwa mgonjwa tangu Pasaka. Hakuhitaji kuambiwa zaidi. Wale kumi na mmoja walikuwa watu wa jumuiya tu. Huyu alikuwa Séraphin, waliyevuka naye mpaka kwa miguu, wakalala naye chumba kimoja miaka miwili wakingoja makaratasi. Ukimwambia mtu vibaya siku kama hiyo, atakumbuka mdomo wako mpaka anazikwa.

"Nipe simu yako," Mzee Gires akasema. "Isije ikalia katikati ya mambo."

Adolphe akampa. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha hilo.

Nyumba ya Neasden ilikuwa imejaa kuliko Krismasi. Jikoni sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa inachemka katika sufuria ya kutosha kumwogeshea mtoto. Séraphin alikuwa ameketi chini kwenye zulia, pua karibu iguse televisheni. Bukavu alikuwa mwalimu wa fizikia. London alikuwa anatunza vikongwe. Lakini vituo vya angani, vya Warusi na vya Wamarekani, alivijua kwa mwaka na kwa mwezi, kama wengine wanavyowajua watakatifu. Leo watu watatu wa kwanza walikuwa wanaingia kuishi katika kituo kipya: Mmarekani mmoja na Warusi wawili.

"Umefika, chizi wangu," alisema bila kugeuka. "Bado dakika ishirini."

"Wamepata nyumba bila foleni ya halmashauri?" Adolphe akasema. "Hao wana mjomba ofisini."

Siku nyingine Séraphin angecheka mpaka akohoe. Leo alitabasamu kwa midomo tu. Ameanza kuhisi, Adolphe akawaza. Na mfiwa akianza kuhisi kabla ya wakati, kazi yote imeharibika.

"Njoo ukae huku katikati, yaya, kaka yangu," akamwambia.

"Kaa wewe. Mimi nataka kuona karibu."

Adolphe akajibana kwenye kochi, kati ya Mzee Gires na Cédric, jitu la mlinzi wa duka. Anne akamwekea sahani.

"Kula. Ushibe."

Akala, ili Séraphin naye apate hamu. Séraphin hakugusa kitu.

"Tunamwambia lini?" Adolphe akanong'ona.

"Subiri chombo kishike," Mzee Gires akajibu, macho sakafuni.

Kwenye skrini chombo cha wale watatu kilikuwa kinakisogelea kituo taratibu, kama mtu anayeegesha gari la kuazima.

"Mwaka sabini na nane," Séraphin akasema ghafla, "Warusi wawili walikaa juu miezi mitatu. Baba wa mmoja akafa huku chini. Kamanda akaambiwa. Mwenyewe, hapana. Walikula pamoja, wakafanya kazi pamoja, na kamanda akanyamaza mpaka walipotua."

Adolphe akaweka sahani chini. Kati ya hadithi zote za anga, ameichagua hiyo!

"Alifanya vizuri?" akauliza, kwa sababu kunyamaza kungekuwa kubaya zaidi.

"Nilipokuwa nafundisha, niliwaambia wanafunzi kwamba alifanya vizuri." Séraphin akajipangusa uso kwa kiganja. "Leo namwonea huruma. Kumtazama rafiki yako anavyotafuna, na wewe unajua."

Mama mmoja mlangoni akajiziba mdomo kwa kitenge. Adolphe akamkazia jicho: jikaze, mama, utatuharibia.

Saa tatu na dakika ishirini na moja, chombo kikashika. Huko Urusi wakapiga makofi. Adolphe naye akapiga, ili kumpa rafiki yake furaha ya mwisho ya asubuhi hiyo. Akajikuta anapiga peke yake.

Mzee Gires akazima televisheni. Mkono wa Cédric ukamshuka Adolphe begani, mzito. Wanawake wakatoka jikoni na kusimama ukutani.

Wakati ulikuwa umefika. Maneno Adolphe alikuwa ameyapanga tangu garini, hayakuwa na mzaha hata mmoja.

Lakini Séraphin alikuwa ameshainuka. Alivuka zulia, akapiga magoti mbele ya kochi, akamshika mikono yote miwili.

"Ndugu yangu Adolphe," akasema, "jana walipiga simu kutoka kwenu."