Jamhuri ya Mama

Siku hizi hakuna anayeulizwa neno. Mtambo unajua tunachotaka kabla hatujasema. Asubuhi ile ulitangaza kwamba nyumba yetu inavunjwa, mama ahamie kwa kaka Shomvi.

Mama akaweka sufuria chini. "Zamani hapa palikuwa jamhuri."

"Mama nawe na maneno yako ya kale," kaka akasema. "Ndiyo nini hiyo?"

"Tulikaa mkekani tukabishana mpaka chai ikapoa, kisha tukanyoosha mikono. Hata marehemu baba yenu niliwahi kumshinda. Haya, anayetaka nibaki hapa anyooshe."

Akanyoosha wake, akicheka kama msichana. Nami nikanyoosha. Kaka akafuata, taratibu.

"Asanteni," mtambo ukasema kwa upole. "Nilijua mngenyoosha."

Nje tingatinga likaunguruma. Mama aliuacha mkono wake juu.