Mahali Aliponyamaza Dhieu

Marehemu alikohoa, akawasalimu watu wa nyumbani, akauliza hali ya fahali mwenye mabaka, kisha akanyamaza mahali palepale anaponyamaza siku zote. Ndani ya laptopu kuukuu diski ikaanza kugota, ko, ko, ko, kama mtu aliyefungiwa stoo.

"Zima, dada," alisema Kipkemboi, mwenye duka la kompyuta. "Kila ukimwita hivyo unamuua tena."

Nyandeng alizima. Upepo wa Lodwar ulikuwa ukisukuma mchanga chini ya mlango. Yeye na baba yake mdogo, Mading, walikuwa wametoka Kakuma asubuhi hiyo, kibali cha kambi ya wakimbizi mfukoni na laptopu imeviringwa kwa kitenge. Humo ndimo alimosalia Dhieu, baba yake Nyandeng, ambaye vita vilimmeza: sauti iliyonaswa kwenye kanda huko msituni, ikahamishiwa kompyuta na watu wa kanisa kabla jua halijaiharibu kanda yenyewe.

Nyandeng alikua akiusikiliza mwanzo wa sauti ile tu. Mama yake alifariki yeye angali anatambaa. Mading ndiye aliyemlea, na hakuna aliyemwona akijitafutia mke. Akiulizwa sababu, hujibu, "Niko na kazi ya mtu, bado sijamaliza."

Sasa Nyandeng alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, na alitaka kujenga sava ya nyumbani: sanduku litakalotunza sauti za marehemu wote wa mtaa wao kambini, ili yeyote mwenye simu aweze kuzisikiliza akiwa uani kwake. Watu waliopokonywa kila kitu, aliamini, hawastahili kupokonywa hata sauti. Lakini chini ya imani hiyo njema palikuwa na haja moja tu iliyomkosesha usingizi. Alitaka kujua kama baba yake aliwahi kumjua. Kama, ng'ambo ya ukimya ule, alilitamka jina lake.

Kipkemboi alipanga vifaa juu ya kaunta. "Chukua diski hii. Ina mbio sana."

"Yenye mbio ina moto. Kwetu Kakuma kuku hutaga yai likiwa limeshaiva."

Kipkemboi alicheka, akairudisha kwenye rafu. Nyandeng alichagua diski za mwendo wa polepole zisizochemka, bodi yenye prosesa ndogo ambayo betri ya sola ingeimudu, na sanduku la chuma lenye sponji ya kuzuia vumbi. Kila kifaa alikigeuzageuza mkononi kama anayechagua sanda.

"Diski ngapi?"

"Mbili, za ukubwa mmoja. Kila neno liandikwe katika zote mbili."

Mading, aliyeketi juu ya stuli ya plastiki, aliinua uso. "Hii ya pili, kazi yake nini?"

"Ni ya kushikilia, mzee," alisema Kipkemboi. "Ya kwanza ikikufa, ya pili inaendelea na kazi. Mwenye kusikiliza hatajua hata kama kuna iliyokufa."

"Na jina yake?"

"Haina jina yake. Zote mbili zinaitwa jina moja."

Mading alizitazama diski zote mbili. "Hiyo ni diski iko na adabu," alisema.

Kipkemboi akacheka tena, na Nyandeng naye akacheka. Mading hakucheka.

Sava ilipokwisha kuunganishwa, Kipkemboi aliitoa diski kuukuu ndani ya laptopu, akaichomeka kwenye sanduku jipya, akafungua programu inayonakili kidogo kidogo, ikiruka palipogoma na kuparudia baadaye. "Hatumlazimishi," alieleza. "Tunamwomba tu."

Wakaletewa chai. Ko, ko, diski iligota, ikatulia, ikagota tena, safari hii kwa mbali, kama mtu anayetembea chumba cha pili. Nyandeng aliona vikombe vya wenzake vimekwisha na chake kimepoa bila kuguswa.

Mading akasimama. "Mwanangu, kumhifadhi inatosha. Si lazima umsikie."

"Baba mdogo, nimengoja maisha yangu yote."

"Mimi pia," alisema Mading, akaketi.

Diski kuukuu ilitoa mlio mwembamba, ikanyamaza kabisa. Haikuwaka tena. Lakini nakala ilikuwa imetimia, na Nyandeng akaifungua.

Marehemu alikohoa. Akawasalimu watu wa nyumbani. Akauliza hali ya fahali mwenye mabaka. Ukaja ule ukimya, na kwa mara ya kwanza ukapita. Sauti iliyoendelea ilikuwa ileile, ila imeshuka, kana kwamba msemaji amesogea karibu na sikio la mtu mmoja. Duka lote likajaa Kidinka, lugha ya kwao.

Kipkemboi hakuelewa hata neno. Aliona tu vidole vya binti yule vikiushika ukingo wa kaunta.

"Amekutaja?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Amenitaja."

"Amesemaje?"

Nyandeng hakuitazama kompyuta. Alimtazama Mading, akafasiri polepole, neno kwa neno:

"'Mading, mdogo wangu, kesho tunavuka mto. Nikifa kabla sijaoa, niolee mke kwa jina langu. Mtoto utakayemzaa naye awe wangu, na akiwa msichana, mwite Nyandeng.'"