Wiki Moja Sifnos

Haya nimeyapata kwa jirani yangu Marigo hapa Piraeus, Ugiriki, Jumatatu ile ya kuanza Kwaresima ya Waorthodoksi mwaka huu, tumekaa kibarazani kwake tunakula mkate bapa na pweza. Ni habari za kiangazi kilichopita, za mdogo wake Zambeta, na shemeji yake Stamatis.

Zambeta alikuwa anakunja nguo ya kuogelea. Nguo yenyewe ilinunuliwa enzi za ujana wake, na maji ya bahari haijawahi kuyaonja. Simu kaibana kati ya sikio na bega, anaongea na Marigo.

"Dada, mwaka huu nakwenda likizo. Wiki nzima. Sifnos, kwenye chumba kile cha juu ya genge, chenye dirisha la kutazama bahari. Nisipokwenda nakuja kukaa kwako, na huyu mzee hapa atajipikia."

Marigo anamjua mdogo wake. Zambeta hatishi mtu bure. Akisema atachinja kuku, wewe teleka maji.

Mzee mwenyewe alikuwa mezani, anamenya vitunguu. Kila kiangazi yeye na mkewe walikaa kwenye chumba kimoja cha chini, chenye dirisha dogo la nondo. Ukichungulia unaona miguu tu: viatu vya watu, na masanduku ya magurudumu yanaburutwa kwenye mawe. Ndoa yao yote walikuwa wakitazama miguu ya wanaokwenda likizo.

"Agosti?" akasema Stamatis. "Agosti kule watu wamejaa kama dagaa kwenye kopo."

"Chumba kipo. Wale watu wa Denmark waliokikodi hawaji. Mume kaanguka na baiskeli, kavunjika mguu."

"Maskini. Basi wapewe wengine."

"Wengine ni sisi."

Stamatis akachukua kitunguu kingine. Halafu akaanza kuisema nyumba. Mwanamume asiyetaka kwenda mahali huanzia kwenye godoro.

"Godoro lenyewe limebonyea katikati. Mkilala wawili mnakutana hata kama mmegombana."

"Si ndiyo vizuri."

"Na yule mwenye nyumba mchoyo. Taulo zake ukijifuta unaona upande wa pili."

"Nyembamba, lakini safi."

"Asubuhi yai moja."

"Mawili!" Hapo Zambeta alipaza sauti kama kakanyagwa kidole. "Mayai mawili, na jibini, na asali. Usimsingizie mtu, Stamatis."

Marigo anasema huko alikokuwa, alijiziba mdomo kwa kitambaa cha mezani asisikike anacheka.

Stamatis akajaribu mlango mwingine. "Na chungu cha dengu cha Jumapili? Nani atakipeleka tanurini kwa mwokaji?"

"Wiki moja hatutakula dengu. Hatutakufa."

"Na begi la nini? Safari yenyewe fupi."

"Anayekwenda likizo hubeba begi. Nataka nifike nalo, nilifungue, nitundike nguo zangu kabatini. Nataka nilale mchana kama watu, nisiamke kwa ajili ya mtu yeyote."

"Watatusema, mke wangu. Watasema Stamatis na Zambeta wamekuwa Waingereza."

"Waache waseme. Waingereza wanalala."

Stamatis akaweka kisu chini. "Mimi siendi. Tuambizane ukweli, huu ni upuuzi."

Zambeta akaivuta simu karibu na mdomo.

"Marigo, nitandikie kitanda."

Marigo anasema alisikia hata kiti cha Stamatis kinavyolia. Vitunguu alijua kumenya, mzee wa watu. Kupika hakujua.

"Siku ngapi ulisema?" akauliza.

"Wiki."

"Nibebe koti?"

"Agosti, Stamatis."

Siku ikafika. Wakafunga mlango, Zambeta akatangulia na begi lake, kofia pana kichwani. Stamatis akafuata na mto wake kwapani, maana mito ya kule, alisema, anaijua. Walifika kahawa ya asubuhi haijashuka tumboni.

Chumba kilikuwa cheupe, kina kitanda, kabati na dirisha. Zambeta akatundika nguo zake. Akafungua mbao za dirisha, akavuta kiti. Bahari yote ilikuwa pale, na kanisa dogo juu ya mwamba, na meli inaingia. Akakaa, akatazama, mpaka Stamatis akamuuliza kama jua limemwingia kichwani.

"Nimekaa," akasema Zambeta. "Naitazama nimekaa."

Mchana wakala nyanya na samaki mgahawani, mkono wa Zambeta haukugusa hata sahani chafu. Wakarudi, wakajilaza. Kweli godoro lilibonyea katikati, wakakutana.

Usingizi haujawachukua sawasawa, mara wakasikia mlango unagongwa chini ya sakafu yao, mlango wa kile chumba chao chenye nondo. Ni Mjerumani, mpangaji wa chumba cha pili, anaita kwa nguvu zake zote:

"Mama Zambeta! Mama Zambeta! Bafuni kwetu maji hayatoki!"

Stamatis akashusha mguu mmoja kitandani. Zambeta akamkamata shati.

"Lala," akamnong'oneza. "Mwenye nyumba yuko likizo."

Mguu ukarudi. Stamatis akaanza kukoroma, na kule chini mlango ukaendelea kugongwa. Zambeta akageukia upande wa bahari, akafumba macho, naye akalala.