Kibao cha Kuanikia Soksi

Maximilian alikuwa amesimama juu ya kichuguu, mkono mmoja angani, akiutafuta mtandao, Mzee Tluway alipochomoza nyuma ya ng'ombe wake. Simu ikazama ndani ya soksi kabla mzee hajamaliza kukohoa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unafanya nini huko juu?"

"Nanyoosha mkono, mzee. Niliulalia, umekufa ganzi."

"Pole mwanangu. Nyoosha na huo mwingine." Mzee akapita zake na fimbo.

Huyo wa juu ya kichuguu ndiye mkwe mtarajiwa: muuza simu wa Katesh, kijana ambaye hata bafuni huingia na simu mkononi. Alipopeleka posa kule Bashay, Mzee Tluway hakuuliza ukoo wala elimu. Alisema tu kwamba baada ya mavuno angeteremsha ng'ombe mashambani Gehandu wakale mabua, na anayemtaka binti yake aende naye wakalale huko huko.

"Na hizi simu zenu zipumzike," aliongeza. "Nataka nimjue mtu, si kioo. Nikigundua kuna anayechezea simu, harusi hakuna."

Binti mwenyewe, Fransiska, alikuwa amekaa pembeni, macho chini. Maximilian aliapa mbele ya wazee, mkono kifuani. Kumpenda Fransiska alimpenda kweli, hilo hatumnyimi. Lakini kulala bila simu? Hapo tusidanganyane.

Kwa hiyo mzee alipokuja Gehandu na turubai, sufuria na blanketi, bwana mdogo alishuka na hema la rangi ya chungwa lenye mifuko mingi kuliko suruali ya fundi. Pawabenki moja aliizika kwenye kiroba cha unga. Nyingine aliitumbukiza katikati ya mkate. Waya wa chaji ulijifanya kamba ya kiatu. Kibao cha sola alikitandaza juu ya hema mchana kweupe, na mzee alipokitazama sana, akaambiwa ni cha kuanikia soksi.

"Watu wana akili," mzee alisema, akakigonga kwa kidole.

Bahati nayo ilimpendelea. Kila mzee alipokwenda kuangalia ng'ombe upande wa pili wa kilima, kichuguu kilibaki huru, na Fransiska naye akapata nafasi wakati huo huo. Akipigiwa hapokei. "Usipige, kuna watu. Andika tu," ndivyo alivyojibu. Na majibu yake yalikuwa mafupi, maana chaji, alisema, inamsumbua. Maximilian alimwonea huruma mchumba wake. Yeye alikuwa na pawabenki mbili na kibao.

Basi akaandika kwa ajili ya wote wawili. Aliandika jinsi baba mtu alivyoingia kingi kwenye habari ya soksi. Fransiska akajibu, "Baba ni mtu wa zamani." Maximilian alicheka siku nzima.

Asubuhi yake mzee alitoka na blanketi lililolowa umande, akalitandaza juu ya kibao, na likashinda pale mpaka jua linazama.

"Panapokauka soksi, blanketi litashindwaje?"

Maximilian alitamani kulia. Angesema nini? Alikaa kivulini akilitazama jua zuri la Hanang linavyopotea bure, na moyoni akaapa kwamba mzee huyu atamlipa.

Alipolalamika kwa mchumba kwamba uji wa baba yake unakwaruza koo, jioni hiyo hiyo mzee, bila kuombwa, alimjazia bakuli la pili, akakaa kumsubiri mpaka amalize. Na siku alipoandika kwa utani, "Shikamoo mama watoto," jibu lilirudi bila kuchelewa: "Marahaba." Maximilian alicheka peke yake juu ya kichuguu mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Mke mwenye mzaha namna hii utampata wapi?

Hatimaye mabua yakaisha. Siku ya kurudi Bashay mzee alikwenda kuwakusanya ng'ombe ng'ambo ya kilima, na Maximilian akapanda kichuguu kwa mara ya mwisho. Safari hii hakuwa na woga hata kidogo. Kiapo amekivunja, hajakamatwa, na mke amempata. Aliandika bila kupumua:

"Mpenzi, nimeshinda! Baba yako nimemweka mfukoni. Kwenye mahari nitamtajia nusu ya ng'ombe anaowataka na atashukuru, si mjanja huyu. Tukishaoana tunahamia Katesh moja kwa moja. Akija kututembelea alale stoo, sitaki harufu yake ya zizi kwenye makochi yangu. Na tena..."

Na tena yalikuwa mengi. Alituma, akaona alama mbili, akateremka, akaanza kung'oa kamba za hema huku anapiga mluzi.

Jibu halikuja. Aliyekuja ni mzee, polepole, ng'ombe mbele yake. Alisimama kando ya hema, akajiegemeza kwenye fimbo, akapumua.

"Pole na ng'ombe, mzee," Maximilian alisema, akiusukuma mguu wenye simu nyuma ya kiroba.

"Nimeshapoa." Mzee Tluway alitia mkono ndani ya koti, akatoa simu ya kike yenye kava la maua, kioo kimezima. Akaifuta vumbi kwa upole na kumnyooshea.

"Ujumbe wako huu wa mwisho umenikatikia kwenye makochi, chaji imeisha. Kaa chini, mwanangu, unimalizie kwa mdomo."